Samaki wa Mgeni

Mjukuu wangu Achieng' ameitwa chuo kikuu, kile kikubwa cha serikali, akasomee maliasili na uhifadhi. Tangu habari ifike hapa Uriri nyumba haina utulivu. Shangazi zake wamemchinjia kuku watatu, na mimi nimepewa kazi ya kumpa nasaha, kwa sababu nilisoma mambo hayo hayo zamani, enzi ambazo yeye anadhani tulikuwa tunaandika kwa mkaa.

Amenionyesha orodha ya masomo kwenye simu yake. Kuna somo la kuhesabu viboko kwa ndege isiyo na rubani. Kuna lingine la kushirikisha jamii, muhula mzima, na mtihani juu. Nikamwuliza, "Huko kushirikisha jamii mnafundishiwa wapi?" Akasema, "Ukumbi wa mihadhara nambari nne, Babu." Nikasema vizuri sana, nikaomba chai.

Basi, Achieng', pamoja na wenzako mtakaobanana ukumbi nambari nne, hizi ndizo nasaha zangu. Ni habari ya samaki, na ya kiti, na ya watu wa Sori niliowakosea. Mkicheka sitakasirika. Mimi mwenyewe niliicheka miaka kadhaa kabla sijaacha.

Nilipoingia chuo kikuu, uhuru ulikuwa bado mchanga na sisi wasomi tulikuwa wachache, kwa hivyo kila mmoja alibeba akili za watu kumi. Tulivaa tai tukienda kula maharagwe. Siku hizo hakuna aliyesema maliasili. Tuliambiwa ni zoolojia, na wazazi wetu wakaelewa kwamba ni udaktari. Mama yangu alisimama kanisani akatangaza kwamba mwanawe karibu atakuwa anadunga watu sindano. Sikumsahihisha. Ningemsahihishaje, na wamama walikuwa wameshapiga vigelegele?

Profesa wetu alikuwa Mwingereza mwenye soksi ndefu, mtu mwema kabisa, aliyelijua ziwa letu kuliko sisi kwa sababu alikuwa amelisoma lote bila kulowa. Alikuwa na neno lake moja alilolirudia kila juma: kipimo hakidanganyi. Mtu atakudanganya, mzee atakudanganya, lakini rula haina mjomba wala shemeji. Sisi tuliandika neno hilo kwenye jalada la kila daftari, tukalipigia mstari.

Mwaka wa mwisho kila mwanafunzi alitakiwa aende nyanjani wakati wa likizo, afanye utafiti, aandike ripoti. Bila ripoti hakuna shahada. Profesa akanipangia Sori. "Wewe ni Mjaluo," akasema, "utaelewana na wavuvi." Sikumwambia kwamba kwetu Uriri ni nchi ya mahindi na karanga, na kwamba samaki niliyemjua mimi ni yule mkavu aliyefika sokoni kichwani mwa mama fulani, akiwa amekwisha kufa siku nyingi na hana la kunieleza.

Utafiti wenyewe ulikuwa na sababu, na sababu hiyo ndiyo muishike. Ofisi ya samaki ilikuwa Homa Bay, na mkuu wake watu walimwita Bwana Samaki, kama vile yule wa kilimo alivyoitwa Bwana Shamba. Wazee wa ufuo mmoja karibu na Sori walikuwa wamemwandikia barua. Walikuwa na ghuba ndogo yenye matete, mahali ngege walikozalia, nao waliomba nyavu za matundu madogo zipigwe marufuku humo, kwa maana samaki walikuwa wanaisha. Ngege, kwa nyinyi mliokulia mbele ya friji, ni yule samaki wa magamba ambaye babu zenu walimla mpaka wakasahau kushukuru. Bwana Samaki akawajibu wazee kwamba angengoja utafiti. Huo utafiti ulikuwa mimi.

Nikapanda basi mpaka Migori, halafu lori mpaka Sori, nikiwa na sanduku la mbao, ubao wa kupimia samaki, mizani ndogo, na viatu vyeusi vya kamba ambavyo vilikuwa jozi yangu ya pekee duniani. Nilipokewa na Mzee Zakaria, mvuvi na mzee wa kanisa la Sabato, ambaye ndiye aliyeiandika ile barua kwa mkono wake. Mkewe tulimwita Min Awino, yaani mama yake Awino, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kuvusha maji.

Jioni ile ile Mzee Zakaria alinitolea wavu wa zamani na wavu mpya. Akapitisha vidole vinne kwenye tundu la ule wa zamani. Kwenye mpya vikagoma viwili. "Wavu wa baba yangu uliwaacha wadogo wapite wakakue," akasema. "Huu wa siku hizi unabeba mpaka mtoto aliye mgongoni. Andika hivyo, nyathina, mwanangu, serikali isikie."

Nikamjibu, kwa ule upole wa msomi anayemhurumia mjinga, "Mzee, kidole si kipimo. Vidole vya nani?"

Akautazama mkono wake, mbele na nyuma. "Vyangu," akasema.

Nikatabasamu. Haki ya nani, nikikumbuka tabasamu lile natamani mtu angenizaba kofi.

Asubuhi ya kwanza nilishuka ufuoni. Mashua zilikuwa zinaingia, watu wamo majini mpaka mapajani, mimi nataka kukanyaga matope niwasogelee. Min Awino akaniona. "Ala! Mgeni wetu asimame kwenye tope kama mwizi wa nyavu? Nyinyi hamna haya?" Papo hapo kikaletwa kiti. Kilikuwa kiti cha mikono, cha pekee mahali pale, ambacho kwa kawaida hukaliwa na mchungaji akizuru. Kikawekwa juu penye nyasi, chini ya tanga walilonitandia kuwa kivuli, hatua kama sitini kutoka kwenye mashua. Nikaketi, ubao magotini, viatu vinameta. Wanawake wakawa wanapokea samaki kule majini, halafu wananiletea wa kupima kwenye karai.

Na mimi nikapima. Mdomo mpaka mkia, uzito, dume au jike, daftarini. Ngege walionona, wenye mabega kama ng'ombe wa Kuria! Kila karai likija, Min Awino ananiinamia na kuniuliza, "Hawa umewapenda?" Nami najibu, "Nimewapenda sana, mama." Karai linaondoka, lingine linakuja. Hivyo ndivyo sayansi ilivyofanyika Sori.

Wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi nilikaa wiki nane na hakuna aliyeniacha nibebe hata kikombe changu mwenyewe. Wangenipa jembe, au kasia, siku ile ya tatu, huenda leo ningekuwa nawaandikia habari nyingine.

Nisije nikasahau ugunduzi wangu mkubwa. Ripoti yangu ilitangaza kwamba maji ya Sori hayana kambare hata mmoja. Profesa alifurahi karibu apasue soksi. Akaniandikia barua akiuliza kama ni chumvi, au joto, au aina ya mawe. Ilikuwa ni Sabato, wajukuu wangu. Wasabato hawali samaki asiye na magamba, na Mzee Zakaria hangekubali kiumbe kama hicho kiletwe mbele ya mgeni wake. Kambare walikuwa tele, wakipita nyuma ya kiti changu kwenda kwa majirani Wakatoliki. Na Jumamosi sikupima chochote, kwa hivyo safu ya Jumamosi ilikuwa tupu wiki zote nane. Profesa aliniuliza siku hiyo samaki huenda wapi. Nilikaribia kumjibu kwamba wao pia wana kanisa.

Sasa turudi kwenye lile la kuuma. Kila baada ya siku chache Mzee Zakaria alikuwa ananiuliza, "Umeandika kwamba wanaisha?"

"Mzee, vipimo vinasema ngege wako ni wakubwa na wazima."

"Lakini mimi ndiye ninayewavua."

"Ndiyo, mzee. Lakini kipimo hakidanganyi."

Hakubishana nami. Mtu habishani na mgeni wake. Aliutazama ubao wangu, akasema, "Basi labda mimi ndiye sijui kuhesabu." Akaenda zake kutengeneza kasia. Mtu aliyekuwa amelala kwenye maji yale tangu hana ndevu, nilimfanya aamini kwamba hajui kuhesabu.

Wiki ya saba jua lilinipiga kichwa, nikarudi nyumbani mchana, saa ambayo sikuwa narudi. Mbele ya nyumba hapakuwa na mtu. Nikasikia sauti jikoni, nikachungulia. Walikuwa wamelizunguka sufuria moja, familia nzima. Mzee Zakaria mwenyewe alikuwa humo, amejikunyata kwenye kigoda, jikoni, mahali ambapo mwanaume wa Kijaluo haketi ila amefukuzwa na mvua. Ndani ya sufuria mlikuwa na samaki wa urefu wa kidole, fulu wadogo waliojaa miiba, na ngege wachanga ambao hata magamba yao hayajakomaa. Min Awino akachukua ungo haraka akafunika.

"Umerudi mapema, wuod Uriri, kijana wa Uriri! Chakula chako bado."

"Nyinyi mnakula nini, mama?"

"Aa, hivi ni vya watoto tu."

Mzee Zakaria alikuwa anatafuna. Alinitazama, akaacha kutafuna, akameza na miiba yake.

Chakula changu kilikuja baadaye. Ngege mmoja, mkubwa, mkia umetoka nje ya sahani.

Achieng', hapa usiruke mstari. Nilielewa papo hapo. Sikuhitaji profesa. Nilielewa nani alikuwa anachagua samaki wangu, na kwa nini, na kwamba daftari langu lote lilikuwa kipimo cha adabu ya watu wa Sori na si cha ziwa. Lakini nilikuwa nimebakiza wiki moja. Michoro yangu ilikuwa tayari, imechorwa kwa wino mweusi usiofutika, mstari unapanda vizuri kama barabara mpya. Kuanza upya ni kukosa shahada mwaka ule. Mama alikuwa ameshatangaza kanisani. Basi nikajiambia kwamba lile sufuria ni aibu ya umaskini wao, na si uungwana kuiandika aibu ya mtu aliyekulisha. Ona jinsi nilivyokuwa mpole ghafla! Nikanawa mikono, nikamla ngege wangu mpaka kichwa.

Ripoti ilipata alama za juu kabisa. Profesa aliisoma darasani, hasa habari ya kambare. Nakala ikapelekwa Homa Bay, na Bwana Samaki, ambaye alikuwa ameahidi kungoja utafiti, akawaandikia wazee wa ufuo ule kwamba kwa mujibu wa chuo kikuu samaki wao ni wakubwa na wa kutosha, kwa hivyo hakuna haja ya kufunga ghuba. Barua ilikuwa na muhuri. Mimi nilikuwa na joho na kofia ya pembe nne, napigwa picha.

Mtaniuliza nilijifunza nini cha kazi, maana Achieng' anataka mambo ya kuandika daftarini. Haya, andika. Vua viatu. Ukipewa kiti, shukuru, halafu kampe bibi kizee yeyote aliye karibu akikalie, nawe shuka majini kabla samaki hajatoka kwenye mashua. Lowesha mikono kabla ya kumshika ukitaka kumrudisha hai. Usipime unaoletewa, pima unaofichwa. Na kama watu ni wakarimu mno hawakuachi uone chochote, nenda jalalani nyuma ya jikoni, hesabu vichwa na miiba. Jalala halina adabu hata kidogo, huonyesha kila mtu kila kitu. Nimefanya kazi ya samaki miaka zaidi ya thelathini na sehemu kubwa ya elimu yangu niliipata jalalani, nimeinama, mbwa wa watu wakinibwekea.

Kabla miaka ya sitini haijaisha, serikali ikanipa kazi. Wasomi wenyewe tulikuwa wangapi? Nikapelekwa Homa Bay, nikawa Bwana Samaki mimi mwenyewe, na kofia na baiskeli. Juma la kwanza nilifungua kabati nikakuta faili la Sori. Barua ya Mzee Zakaria ilikuwa chini, na ripoti yangu juu yake, zimebanwa kwa pini moja. Pembeni mtu ameandika: utafiti umekamilika.

Ilinichukua miezi mingi kufika Sori. Si kwamba ilikuwa mbali. Nilikagua kila ufuo mwingine, mara mbili, mara tatu, mpaka wavuvi wakaanza kunihurumia kwa bidii yangu. Mwishowe nikaishiwa na fuo.

Matete ya ghuba yalikuwepo bado. Wenye nyavu za matundu madogo walikuwa wameshapita, wakavuna, wakahamia kwingine. Mashua ya Mzee Zakaria ilikuwa imelala kifudifudi juu ya nyasi, karibu na pale kiti changu kilipokuwa, na kuku walikuwa wanataga chini yake. Yeye nilimkuta shambani analima mihogo. Matuta yake yalikwenda kombo. Mtu wa majini, hakuwahi kushika jembe mpaka mvi zimemtoka.

"Daktari wetu!" akaniita kwa furaha. "Min Awino, njoo uone nani amekuja!"

Nilikataa kuketi. Nikasema yote nikiwa nimesimama, maana niliogopa nikikaa sitamaliza. Nikawaambia kwamba ghuba haikufungwa kwa sababu ya ripoti yangu, na kwamba siku ile ya sufuria niliona, nikaelewa, nikanyamaza kwa ajili ya cheti.

Min Awino alikuwa wa kwanza kusema. "Kwani ulikuwa unawapima ili ujue kama wamebaki wadogo tu?"

"Ndiyo, mama."

"Na hukuniambia!" Akashika kichwa. "Mimi nilidhani serikali ikiona samaki wazuri, itasema hawa wanafaa kulindwa. Nani hulinda kitu kibaya? Nilikuwa napita mashua zote nikiomba wale wakubwa, hata wa nyavu za watu wengine, hata wa kilindini kabisa. Siku walipokosekana hapa, nilitembea mpaka ufuo wa pili kukutafutia."

Mzee Zakaria alikuwa anakwangua udongo kwenye jembe lake. "Nilimkataza mara moja," akasema. "Akaniuliza kama nataka mgeni wake aaibike mbele ya profesa. Nikashindwa. Tulikosa sote."

"Hapana, mzee. Kosa lenu lilikuwa heshima. Langu mimi nilijua."

Nililia, ndiyo. Bwana Samaki na kofia yake ya serikali, katikati ya mihogo. Hawakunibembeleza, na ninawashukuru kwa hilo. Walingoja nimalize.

Niliporudi Homa Bay niliifunga ghuba ile kwa barua yenye muhuri mkubwa kuliko ule wa kwanza. Kufunga ghuba isiyo na ngege ni kazi rahisi sana, hakuna hata mtu mmoja aliyelalamika. Wakubwa wangu walinipongeza kwa ushirikiano mwema na wananchi.

Lakini siku ile ile ya mihogo, kabla sijaondoka Sori, Min Awino alileta chakula. Nilijiandaa kuona sahani. Aliweka sufuria lenyewe chini katikati yetu, akaondoa ungo. Fulu. Wadogo, weusi, miiba mitupu.

"Kula," akasema. "Wewe si mgeni tena."

Mkono wangu kwa mazoea ukaenda mfuko wa shati, nikatoa rula. Mzee Zakaria akaisukuma kando taratibu, akamchukua samaki mmoja, akamlaza kwenye ungo, akaweka kidole chake cha shahada kando yake. Vikalingana.

"Andika," akasema. "Kidole kimoja."

"Cha nani, mzee?"

"Changu."

Nikaandika hivyo hivyo, kidole kimoja, cha Mzee Zakaria wa Sori. Daftari lile ninalo, na ndicho kipimo cha pekee cha miaka ile ambacho ninaweza kukiapia.

Sasa, Achieng', gari la Migori linaondoka kesho asubuhi na masanduku yako yako tayari. Kuku watatu umewala, umeshukuru, umepiga picha. Kabla hujaondoka, mwanangu, ingia jikoni kwa shangazi zako, funua sufuria la nyuma, uone sisi wengine tulikula nini.